Unga, akili na sheria: mtu mmoja, milango mitatu, na hakuna unaompokea mzima

Ukiuliza watu wa Temeke, Magomeni, Kisauni au Ng'ambo pale Unguja kijana anaekula unga, yani heroini, apelekwe wapi, utapewa majibu matatu na kila mmoja ataapa kwamba lake ndo lenyewe. Wa kwanza atasema polisi, akae ndani kidogo akili imkae sawa. Wa pili atasema hospitali ya magonjwa ya akili, maana yule si mzima tena. Wa tatu atasema soba hausi, ile nyumba ya kukaa wanaoacha dawa, au kwa mganga, au kwenye maombi, au akasomewe. Na familia nyingi zimeshapita kote huko, zimeuza kiwanja, zimeuza pikipiki ya baba, na mtoto bado yuko maskani, kule kijiweni kwa watumiaji. Nataka nieleze kwanini inakua hivyo, kwasababu hili jambo limechanganywa sana, tunabishana kuhusu unga kama kitu kinachojitegemea alafu tunaongelea afya ya akili kama mada nyingine ya siku nyingine, wakati kwa mwenye nalo ni ugonjwa uliofungamana na ukitibu kipande kimoja kile kingine kinamrudisha palepale.

Kwanza unga wenyewe umefikaje kwetu. Heroini hailimwi Afrika Mashariki, inatokana na afyuni, na kwa miaka mingi afyuni nyingi ya dunia imelimwa Afghanistan, ikatengenezwa heroini, ikashushwa pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka maji ya Somalia, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Sisi tulikua njia tu, mzigo mkubwa unaelekea Afrika Kusini na Ulaya. Ila mzigo ukipita mahali lazima kitu kibaki, wabebaji wengine wanalipwa kwa mzigo wenyewe na wanaugeuza hela hapahapa mtaani, kete kwa kete, yani vipakiti vidogo vya dozi. Ilianza kuonekana miaka ya 80, ile ya kahawia ya kuvuta, watu wanaichanganya na bangi wanaita kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ikashika nyeupe ambayo inayeyuka vizuri kwenye maji, na hapo ndo sindano ikaingia mjini.

Ukitaka kujua ukubwa wake angalia tu kinachokamatwa. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya ikakuta kilo 1,032 za heroini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania, hii DCEA, ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Hiyo methamfetamini naomba uiweke akilini, nitairudia kule chini maana ndo inayonitisha kuliko vyote.

Sasa kinachotokea mwilini. Ubongo una sehemu zinazopokea kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta faraja. Heroini ikiingia inageuka mofini na inakaa kwenye sehemu hizohizo, lakini kwa nguvu ambayo mwili peke yake hauwezi kuifikia. Mara za mwanzo ni raha. Baada ya wiki kadhaa za kila siku ubongo unazoea, kete moja haitoshi, zinatakiwa mbili, alafu tatu, na raha yenyewe imeshaondoka zamani, sasa mtu anavuta au anajidunga ili awe kawaida tu, aweze kuamka, aongee na watu, akatafute kibarua cha siku. Wengi hawalijui hili. Wanaona teja anasinzia pale kituo cha daladala wanadhani yuko starehe, kumbe mtu huyo hajapata starehe miaka, anakimbia kitu.

Anachokikimbia ni arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa. Kama hujawahi kuiona nyumbani kwako shukuru Mungu. Masaa sita mpaka kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho mtu anaanza miayo, miayo isiyoisha, mafua, machozi yanatoka bila kulia, vinyweleo vinasimama, alafu tumbo linaachia, anatapika, anaharisha, mifupa inauma, miguu inarusha mateke yenyewe usiku kucha na usingizi hamna kabisa. Siku ya pili na ya tatu ndo kilele. Kuna mama jirani yetu alimfungia mwanae chumbani kwa kufuli, kwa mapenzi kabisa, alisikia kwamba ukimzuia siku kadhaa anapona. Alikua anampitishia uji dirishani. Siku ya tatu kijana alivunja dari akatoka juu kwa juu, na jioni jiko la gesi halikuonekana. Mtaa mzima ukasema ni mwizi, hana huruma hata na mama yake. Yule mama alikua anatuuliza swali moja tu, mbona alilia akaniomba msamaha alafu akaenda kuiba usiku uleule? Na jibu ni kwamba vyote viwili vilikua kweli. Machozi yalikua ya kweli na wizi ulikua wa kweli, arosto haimsubiri mtu amalize kutubu.

Hapa ndo methadoni inapoingia, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, na hapa Tanzania tuna jambo la kujivunia ambalo hatuliongelei vya kutosha. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali kwenye bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa kama Mauritius waliotangulia. Daktari bingwa wa akili Jessie Mbwambo alikua mmoja wa walioisukuma sana. Ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadae huduma ikatoka nje ya Dar, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Arusha. Zanzibar wakaanza 2015 pale Kidongo Chekundu. Kenya walianza Desemba 2014 hospitali ya Mathari Nairobi, alafu Malindi, na pwani ikaendelea.

Methadoni ni dawa ya familia moja na mofini, na hili ndo linawachanganya watu, wanasema mnamtoa kwenye unga mnampa unga wa serikali. Naelewa kwanini inasikika hivyo. Ila tofauti yake ni kubwa: kete ya heroini inapanda haraka na kushuka haraka, mtu anahangaika mara tatu nne kwa siku, wakati methadoni inapanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwahiyo akinywa asubuhi hana arosto mpaka kesho na hapati ule mlipuko wa kichwani. Daktari anaanza na kidogo, kama miligramu 20 hivi, anapandisha taratibu, na wengi wanakuja kutulia kati ya 60 na 120. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Haijatoka hewani.

Utaratibu wake ukiuona unaelewa mambo mengi. Asubuhi foleni, watu wa kila aina, kuna kondakta, kuna mama ana mtoto mgongoni, kuna mzee wa makamo mwenye koti. Anafika dirishani, anatambuliwa, anapewa kikombe chake cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya nesi, anashushia na maji, alafu anaambiwa aongee kidogo. Ile kuongea sio salamu tu, ni kuhakikisha ameimeza, hajaibana mdomoni akaiuze nje. Kesho tena. Na kesho kutwa. Jumapili, Idi, mvua ya Aprili imefunga barabara ya Jangwani, lazima ufike. Sasa mtu anaekaa Mbagala ndani ndani au Bunju hana kazi, nauli ya kwenda na kurudi kila siku anaitoa wapi? Wengi wanaoacha hawaachi kwasababu wameshindwa moyo, wanashindwa nauli, au wamepata kibarua kinachoanza saa 12 asubuhi na kliniki haijafunguliwa bado. Tunasema amerudia tabia yake wakati alikua anachagua kati ya dozi na mkate.

Sababu iliyofungua mlango wa haya yote ilikua UKIMWI, na hili ni muhimu kulijua kisera kwasababu limeamua sura ya huduma mpaka leo. Makadirio ya 2014 yaliweka watu kama 30,000 wanaojidunga Tanzania Bara, na karibu 35% wakiishi na VVU, wakati kwa watu wazima kwa ujumla ilikua kama 5%. Wafadhili wakaona hapo kuna moto, hela za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zikaja. Ni jambo jema, limeokoa watu. Ila maana yake huduma ilijengwa kuzuia virusi, ikapimwa kwa virusi, na akili ya mtu ikawa kitu cha pembeni, kipo kwenye mwongozo lakini hakina mtu wa kutosha wa kukifanya.

Na akili ndo kiini chenyewe. Hebu fikiria heroini ni nini, ni dawa ya maumivu, kali kuliko karibu zote. Inazima maumivu ya mguu na inazima maumivu ya moyo vilevile, haichagui. Mtu aliebakwa akiwa na miaka tisa, mtu aliefiwa na wazazi wote akalelewa kwa ndugu wanaomhesabia chakula, mtu mwenye sonona ambayo hajawahi kuijua jina, siku ya kwanza anaonja anasikia kwa mara ya kwanza kwamba kichwa kimenyamaza. Sisemi kila mtumiaji ana historia hiyo, wapo walioingia kwa kufuata kampani tu, na wapo waliokua wazima kabisa unga wenyewe ndo ukawaletea sonona, hofu na kujichukia. Mara nyingi huwezi kujua kipi kilitangulia, na ukweli ni kwamba kwa tiba haijalishi sana, vyote viwili vinatakiwa vitibiwe kwa wakati mmoja na ikiwezekana mahali pamoja.

Kinachotokea sasa ni kwamba methadoni ikishautuliza mwili, wiki ya nne ya tano, kichwa kinaamka. Miaka kumi ya msiba usioliliwa inarudi kwa pamoja, mama alifariki yeye akiwa maskani hakuzika, watoto hawamjui, majibu ya VVU ndo anayapokea na akili timamu kwa mara ya kwanza. Hapo ndo anahitaji mtu wa kukaa nae, mshauri, daktari wa akili, kikundi. Akikosa anaenda kunywa pombe juu ya methadoni, au anameza vidonge vya usingizi vya kununua kichochoroni, na hivi vitu vitatu vikikutana vinazima pumzi. Wengi wanaokufa wakiwa kwenye dozi wanakufa hivyo, na nyumbani wanasema methadoni imemuua.

Tena kuna mgongano mwingine wa kitaalamu kidogo ila unaonyesha jinsi kugawanya huduma kunavyoumiza. Kifua kikuu kipo sana kwa watu wa maskani. Dawa yake mojawapo kuu ni rifampisini, na rifampisini inalifanya ini liichakate methadoni haraka kuliko kawaida. Mtu ameanza dawa za TB kliniki A, hakuna aliewaambia kliniki B wapandishe dozi, siku chache baadae arosto imemkamata wakati anakunywa dawa yake kila siku bila kukosa. Anafanyaje? Anatupa vidonge vya TB, au anarudi kwenye kete. Nesi wa TB anaandika mgonjwa mtoro, nesi wa methadoni anaandika amerudia. Nani hapo amekosea? Mafaili hayakuongea.

Wanawake nataka niwaongelee peke yao. Kliniki zote hizi ukienda utaona wanaume wengi, wanawake wachache sana, na sio kwamba hawatumii. Mwaka 2005 watafiti Dar waliandika kuhusu kitu kilichoitwa flashblood, mwanamke aliepata heroini anajidunga, anavuta damu kwenye sindano, anampa mwenzie mwenye arosto hiyo damu ajidunge, akiamini kuna chembe za dawa ndani yake. Ukisoma haraka unaona ni uchafu. Ukisoma taratibu unaona watu waliotupwa na kila mtu wakisaidiana kwa kitu pekee walichobaki nacho, na kitu hicho kinabeba VVU na homa ya ini moja kwa moja. Wengi wao walikua wanajiuza kupata kete, wanapigwa na wateja, wanapigwa na wanaume wao, wanakamatwa. Mwanamke wa namna hii akija kliniki akakuta foleni yote ni wanaume, na ndani yake yumo aliempiga juzi, hatorudi. Hapo huhitaji dawa mpya, unahitaji saa tofauti za kuhudumia, nesi wa kike anaejua kuuliza bila kuhukumu, na sehemu ya kumuacha mtoto.

Tuje kwenye sheria. Tanzania tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, iliyoizaa DCEA, na marekebisho ya 2017 yaliongeza makali, wafanyabiashara wakubwa wanakabiliwa na kifungo cha maisha. Kwa hao sina tatizo hata kidogo. Ndugu wawili Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani Januari 2017, Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020, na wapo watu wa pwani waliolala vizuri usiku huo. Tatizo ni kwamba sheria hiyohiyo inamgusa na mwenye kete moja ya matumizi yake, na kumkamata mwenye kete ni rahisi kuliko kumkamata mwenye jahazi. Kwahiyo msako ukipita maskani wanajaa karandinga watu ambao ni wagonjwa. Na mtaani tunashangilia. Februari 2017 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya watu maarufu aliowatuhumu kuhusika na dawa za kulevya, nchi nzima ikaongelea majina kwa wiki kadhaa, na katika kelele zote zile huduma ya Muhimbili ambayo ilikua na miaka sita tayari ilitajwa kidogo sana. Kuna mzazi angeisikia siku hiyo angempeleka mwanae.

Jela inafanya nini kwa mwenye uraibu? Anapata arosto sakafuni, inaisha, mwili unasahau ule uzoefu wa dozi kubwa. Akitoka, stresi ni zilezile, kazi hamna, washkaji ni walewale, anarudia kipimo chake cha zamani kwa mwili ambao umeshakua mgeni. Pumzi inakata. Wiki za kwanza baada ya kutoka jela ndo wiki za hatari kuliko zote, hili limeonekana nchi nyingi duniani. Ndo maana kuweka methadoni gerezani, kama ilivyofanyika Segerea, sio kumdekeza mfungwa.

Na hatari hiyohiyo ipo kwa anaetoka soba hausi. Soba hausi zina kazi kubwa, Zanzibar zilianza kushika kasi kuanzia 2009, nyingi zinaendeshwa na watu waliopona wenyewe, wanafuata zile hatua kumi na mbili za vikundi vya wanaoacha ulevi na dawa, na kuna kitu pale ambacho hospitali haiwezi kukupa, mtu anaekuangalia anakuambia mimi nilikua palepale ulipo. Nina heshima kubwa nao. Lakini nyingine ni nyumba tu yenye geti na mtu mwenye sauti kubwa, familia inalipa kila mwezi, hakuna daktari wa akili anaepita, na mgonjwa mwenye skizofrenia anachanganywa humohumo akiambiwa sauti anazozisikia ni arosto. Nyingine zinakataa kabisa mtu wa methadoni, zinasema huyo bado anatumia. Kwahiyo mtu anaambiwa achague, dawa au jamii ya waliopona, wakati anavihitaji vyote. DCEA wanazikagua na miongozo ipo, ningependa ukaguzi uulize swali moja zaidi: huyu mteja alionwa na mtaalamu wa akili siku ya ngapi? Na miezi mitatu baada ya kutoka yuko wapi?

Kuhusu sheria na akili kuna kingine kinaniumiza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema anaejaribu kujiua ametenda kosa. Yani mtu ametoka kunywa sumu ya panya, anaoshwa tumbo, na kisheria ni mtuhumiwa. Kenya walikua na kifungu cha 226, mpaka miaka miwili jela, na Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema kinapingana na katiba. Tunarithi sheria za mkoloni tunazilinda kama za babu. Matokeo yake familia inaficha, inasema alikosea dawa, daktari anatibu sumu hatibu sonona, na mgonjwa anarudi nyumbani kwenye kamba ileile. Kati ya waliojaribu wengi kuna pombe au dawa ndani yake, kwahiyo hapa tena ni kesi moja iliyogawanywa.

Mtu atauliza hospitali za akili zipo, si zitumike? Zipo. Mirembe pale Dodoma ipo tangu 1927, Lutindi kule Korogwe ina zaidi ya miaka mia. Ila jiulize mtu wa Lindi au Kigoma atafikaje Mirembe, na atabaki na dawa za miezi mingapi akirudi. Duniani kote serikali zinatenga wastani wa 2% hivi ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili, na hapo ni wastani, nchi maskini ziko chini zaidi. Kinachotakiwa sio Mirembe ya pili, ni muuguzi mmoja wa afya ya akili anaepatikana kwenye kituo cha afya cha kata, mwenye dawa kabatini, anaejua kuuliza umelala vipi wiki hii, umewahi kufikiria kufa. Na huyo huyo awe anamjua sheikh na mchungaji wa hapo, kwasababu watu wetu wataanzia huko na hakuna ubaya. Sheikh anaesoma alafu anasema kesho nampeleka mwenyewe hospitali ana nguvu kuliko tangazo lolote.

Pombe nisiipite kimya ingawa haina kelele za unga. Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko, kuanzia Machi 1, 2017, na ile ilikua sera ya maana, kifuko cha bei ya andazi kilikua kinanunuliwa na wanafunzi. Ila jambo moja familia zijue: mlevi wa kila siku wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka, kutetemeka na kufa. Arosto ya unga inatesa, ya pombe inaua. Usimfungie chumbani. Mpeleke hospitali akatishwe na dawa.

Sasa ile methamfetamini. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, na Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba mwaka 2023 kilimo hicho kilishuka kwa 95%. Wakati huohuo methamfetamini inatengenezwa na inapita njia ileile ya bahari. Hii ni mnyama mwingine. Haitulizi, inawasha, mtu hali, halali siku tatu, anaanza kuona watu wanamfuata, anashika panga. Na methadoni haifanyi kazi kabisa kwake, hakuna kikombe cha dirishani cha kuchukua nafasi yake. Tiba inayojulikana ni ushauri wa kina, mazungumzo ya muda mrefu, kushughulikia kichwa, yani kile kile ambacho kwa miaka yote tumekiweka pembeni. Tusipokua na watu wa afya ya akili kwenye wilaya kabla haijatapakaa tutabaki na pingu tu.

Na hela. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, wahudumu wengi wa ngazi ya jamii waliokua wanalipwa na miradi wakaambiwa wakae nyumbani. Hawa ndo wanaoingia maskani, wanaomjua nani hajaonekana dirishani siku mbili. Mfadhili ana haki ya kuondoka na hela yake. Lakini mtu wa methadoni hawezi kusimamishwa siku 90, siku mbili tu ameshikwa na arosto. Hii ni dawa ya kila siku kama insulini, inatakiwa iwe kwenye bajeti yetu wenyewe, na waliotulia miaka wapewe za kupeleka nyumbani za siku kadhaa badala ya kulipishwa nauli ya kila asubuhi.

La mwisho ni la kufanya leo. Ukimkuta mtu amezidisha, midomo imekua ya bluu, anakoroma kwa shida au hapumui, usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa. Mlaze ubavu asipaliwe. Kama hapumui mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni moja kila sekunde tano hivi, huku mwingine anatafuta bajaji. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni, inamrudisha ndani ya dakika chache, ila nguvu yake inaisha kabla ya heroini kuisha, kwahiyo asiondoke hata akisema yuko poa. Wenzake wa maskani wengi wanalijua hili, na bado wanamuacha mtu kwenye ngazi za zahanati wanakimbia, au hawamleti kabisa, kwasababu anaemleta ndo anaanza kuhojiwa yeye. Kifungu kimoja kinachosema aliemleta mwenzie hospitali hatokamatwa kwa kosa la kutumia, na naloksoni kwenye zahanati ya kila kata yenye maskani: wabunge wa Dar, Tanga na Zanzibar wanaweza kuanza na hivyo viwili kikao kijacho.